Mtoto Wenu Anapokwenda Kufanyiwa Upasuaji wa Moyo: Hatua kwa Hatua, Tangu Kipimo cha Kwanza Hadi Kurudi Nyumbani

Binti yetu alifanyiwa upasuaji wa moyo akiwa na miaka 2 na miezi 7, katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete (JKCI), ile iliyo ndani ya eneo la Muhimbili, Upanga, Dar es Salaam. Sisi ni watu wa Korogwe. Kabla ya hapo hakuna mtu katika ukoo wetu aliyewahi kulazwa zaidi ya siku tatu, na neno "kufungua kifua" tulilisikia likisemwa kwa sauti ya chini, kama habari ya msiba.

Ninaandika kwa ajili ya mzazi aliyeambiwa wiki hii kwamba mtoto wake ana tundu kwenye moyo na usiku hapati usingizi. Mimi si daktari. Daktari wa mtoto wako akisema tofauti na ninavyosema hapa, mfuate yeye. Ila mengi ya mambo haya hakuna aliyetuambia mapema, na kilichonitesa kuliko vyote ni kuamka kila siku bila kujua siku hiyo imebeba nini. Ukijua mlango unaofuata ni upi, hata mwendo unabadilika.

Hatua ya 1: Hakikisha kifua cha mtoto kimesikilizwa vizuri

Binti yangu alikuwa akinyonya dakika tatu, anaachia titi, anahema, jasho limemjaa kwenye paji la uso kama mtu aliyetoka kulima. Nilidhani ni joto la Korogwe. Kikohozi hakikuisha. Bibi yake alisema ni kimeo, na fundi wa kukikata akaitwa. Namshukuru Mungu baba yake alikataa. Kukata kimeo kunaweza kumwaga damu nyingi na kuingiza vijidudu, na mtoto mwenye shida ya moyo hakumsaidii chochote.

Kabla hajatimiza mwaka alishatibiwa nimonia mara tatu katika kituo kimoja. Kila mara tulipewa antibiotiki tukarudishwa nyumbani. Mstari wa uzito kwenye kadi ya kliniki ulikuwa umelala miezi minne, na kila mwezi uliandikwa mbele ya macho yetu bila mtu kuuliza kwa nini. Mpaka siku tulipokwenda mahali pengine, tabibu mmoja kijana akamwekea kipimo kifuani, akasikiliza, akahamisha upande, akasikiliza tena, halafu akaniambia taratibu, "Mama, huyu mtoto hujawahi kuambiwa habari za moyo wake?"

Basi wewe usisubiri tabibu wako aje kwa bahati. Mtoto akitoka jasho wakati wa kunyonya, asipoongezeka uzito, akipata nimonia ya kurudiarudia, akihema haraka hata akiwa amelala, midomo na ulimi vikigeuka rangi ya bluu anapolia, au mtoto mkubwa kidogo akicheza halafu ghafla anachuchumaa ili apate pumzi, sema waziwazi: "Naomba asikilizwe moyo." Kisha omba barua ya rufaa. Kwa Tanzania safari huwa ni zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa, na kutoka huko ndipo unapelekwa kwa mabingwa. Wenzetu wa Uganda huelekezwa Uganda Heart Institute pale Mulago, Kampala. Kenya, miongoni mwa hospitali zenye historia ndefu ya kupasua mioyo ya watoto ni Mater ya Nairobi.

Kipimo chenyewe kinaitwa eko. Ni ultrasaundi ya moyo, haina sindano wala maumivu, ila mtoto anatakiwa atulie na jeli ni ya baridi. Mpeleke akiwa ameshiba na uwe na katuni kwenye simu.

Hatua ya 2: Mwombe daktari akuchoree

Nunua kauntabuku ya kurasa nyingi kabla ya siku ya kwanza ya kliniki. Daftari hilo liwe la mtoto huyo tu. Langu lilikuwa na jalada jekundu, na mpaka leo ukurasa wake wa kwanza una mchoro wa moyo aliouchora daktari kwa kalamu ya wino: vyumba vinne, na kati ya vile viwili vya chini, mahali penye ukuta, ameacha nafasi.

Nafasi hiyo ndiyo ilikuwa ugonjwa. Chumba cha chini cha kushoto kinasukuma damu kwa nguvu kwenda mwilini. Tundu likiwa kubwa, sehemu ya damu hiyo inapita tunduni kwenda upande wa kulia na kurudi mapafuni tena. Mapafu yanajaa, mtoto anahema, nimonia haziishi, na chakula chote kinaishia kuuhudumia moyo unaofanya kazi kupita kiasi. Matundu madogo mengi hujifunga yenyewe, kwa hiyo si kila mwenye tundu anapasuliwa. La kwetu halikuwa dogo.

Niliuliza kama tunaweza kusubiri afike miaka mitano, awe na nguvu. Daktari akaweka kalamu chini. Alisema mapafu yakiendelea kupigwa na damu ya nguvu kwa miaka, mishipa yake hukakamaa, na ikifika hapo tundu haliwezi tena kuzibwa. Maneno hayo ndiyo yaliyotutoa Korogwe.

Andika majibu ya maswali haya kabla hujatoka chumbani: Tatizo lina jina gani, na tundu lina milimita ngapi? Litazibwa kwa kufungua kifua, au kwa mrija unaopitishwa kwenye mshipa wa mguu? Hatari kubwa ni zipi, na kwa mtoto wa aina ya wangu hutokea mara ngapi? Ataishi bila dawa baadaye? Swali la hatari wazazi wengi tunaliogopa kama vile kulitaja ni kuliita. Liulize. Kwa upande wetu tuliambiwa kuhusu kuvuja damu, maambukizi, na uwezekano wa umeme wa moyo kuvurugika kiasi cha kuhitaji betri ya moyo. Nilitetemeka, lakini siku moyo wa binti yangu ulipopiga ovyo saa chache baada ya upasuaji, nilijua kinachosemwa na sikuanguka.

Nendeni wawili kliniki. Mmoja asikilize, mwingine aandike na kumshika mtoto. Kama mume yuko safarini, nenda na mama mdogo wa mtoto au yeyote asiyelia haraka.

Neno moja kuhusu dawa za kusubiria upasuaji. Watoto wengi hupewa dawa ya kupunguza maji mwilini, na mara nyingi ni kidonge cha mtu mzima kinachopaswa kugawanywa. Usikisie kwa kijiko cha chai. Mwambie mfamasia akuonyeshe kwa mikono yake: kidonge kiyeyushwe kwenye mililita ngapi za maji, na uvute kiasi gani kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Mimi niliweka alama ya kalamu kwenye bomba, ili hata bibi yake akibaki naye asikosee.

Hatua ya 3: Pesa, barua na damu

Sera ya Tanzania inasema mtoto wa chini ya miaka 5 atibiwe bila malipo katika vituo vya umma. Usiende Dar es Salaam ukitegemea sentensi hiyo peke yake, maana upasuaji wa moyo una vifaa vya gharama kubwa. Kama mtoto ana bima, uliza mapema kipi kinalipwa na kipi hakilipwi, na upate jibu kwa maandishi. Kama hana na hali yenu ni ngumu, nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali siku ileile mnayopewa taarifa ya upasuaji. Usisubiri ankara ije. Chukua barua ya utambulisho kutoka serikali ya kijiji au mtaa kabla hujasafiri, yenye muhuri na picha. Sisi tulikwenda bila barua, ikabidi shemeji aipige picha na kuituma kwa simu, kisha nakala halisi ije kwa basi. Siku nne zikapotea.

Uliza pia kama kuna kambi ya upasuaji karibuni. JKCI hupokea timu za madaktari wa nje wanaofanya kazi bega kwa bega na wa hapo, na nyakati hizo watoto wengi hupasuliwa ndani ya muda mfupi. Shirika la Save a Child's Heart la Israel ni mojawapo ya yaliyoshirikiana na Tanzania kwa miaka mingi, na watoto kadhaa wa Bara na Zanzibar wamewahi kupelekwa hadi Holon kutibiwa.

Mkichangishana kwenye ukoo, wekeni mweka hazina mmoja ambaye si mzazi wa mtoto. Kwetu alikuwa baba mkubwa. Yeye alipokea, akaandika, na kila risiti akaiweka kwenye kundi la familia jioni ileile. Mimi sikuguswa na maswali ya pesa hata mara moja, na hilo lilikuwa zawadi kubwa. Kadirieni wiki tatu zaidi ya muda mlioambiwa, kwa nauli, chakula na mahali pa kulala. Nitaeleza kwa nini.

Damu. Ndugu wataombwa wachangie, na hapa familia nyingi huhangaika siku ya mwisho. Mchangiaji awe na miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50, na awe mzima. Mwanamume aliyechangia asubiri miezi mitatu, mwanamke minne. Mama anayenyonyesha asihesabiwe. Si lazima kundi la damu lifanane na la mtoto, kwa kuwa mnachofanya ni kurudisha kwenye benki ya damu. Tulipata wachangiaji sita: wanne walikuwa vijana wa msikitini kwa shemeji yangu pale Temeke, ambao hawakuwahi kumwona mtoto.

Hatua ya 4: Mfikishe mtoto akiwa mzima

Tulifika Dar Jumapili, upasuaji ukapangwa Alhamisi. Jumanne mtoto akaanza mafua. Kamasi tu, nyepesi, mtoto anacheza. Daktari wa nusukaputi (dawa ya usingizi) alimsikiliza akasema hapana, turudi baada ya wiki tatu. Nililia pale kwenye korido, nikaona kama wanatuonea. Baadaye nilielewa: mtoto mwenye mafua njia yake ya hewa huwa imewashwa, na akipewa usingizi anaweza kubanwa pumzi. Walikuwa wanamlinda. Upasuaji unaweza pia kuahirishwa kwa sababu mtoto mwingine ameletwa usiku akiwa taabani na kitanda cha uangalizi maalumu ni kimoja. Ndiyo maana nikasema wiki tatu zaidi.

Kwa hiyo wiki ya mwisho msipeleke mtoto kwenye harusi wala msibani, na ndugu mwenye kikohozi asimbebe hata kama atanuna. Meno yaangaliwe mapema, kwa sababu jino lililooza linaweza kupeleka vijidudu kwenye moyo. Nywele msuke twende kilioni ya kawaida, bila shanga wala vyuma, na usimfunge fundo kisogoni maana atalala chali siku nyingi. Ondoa rangi ya kucha na hina, kwa kuwa kile kifaa kidogo cha kidoleni husoma hewa ya mwilini kwa mwanga. Shanga za kiunoni, hereni na hirizi zote zitavuliwa mlangoni, afadhali uvue mwenyewe nyumbani.

Begi: kanga tatu, nguo za mtoto zinazofunguka kwa mbele (za kuvalia kichwani hutaweza kumvisha), chaja ya waya mrefu, sabuni, daftari, vyeti vyote kwenye mfuko wa plastiki, na kitu kimoja anachokipenda. Wetu alikuwa na kipande cha kanga ya bibi.

Hatua ya 5: Mwambie mtoto ukweli wa kiasi chake

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo tulipokosea.

Tangu akiwa na mwaka mmoja, ndugu walikuwa wakimtisha: "Usipokula, daktari atakuchoma sindano." Tunasema hivyo nyumba nyingi bila kufikiri. Na siku ya kuondoka Korogwe, shangazi yake, kwa mapenzi tu, akamwambia tunakwenda kununua pipi na kuona bahari. Tulipofika wodini, muuguzi akaja na kanula, ile sindano ya mrija unaobaki kwenye mshipa. Mtoto alinitazama mimi. Hakumtazama aliyemchoma, alinitazama mimi. Kwa siku mbili kila nilichomwambia, hata "kunywa maji", alikataa.

Katika zile wiki tatu za kusubiri tulianza upya. Nilichukua mwanasesere, nikamchorea mstari kifuani kwa kalamu na kumfunga kitambaa. Nikamwambia: "Moyo wako una tundu, ndiyo maana unachoka. Daktari atakufanya ulale, hutasikia kitu, ataliziba. Ukiamka utakuta kitambaa hapa, na patauma. Mama atakuja." Basi. Si zaidi ya hapo kwa mtoto wa miaka miwili. Alimfungua yule mwanasesere na kumfunga mara ishirini kwa siku.

Mtoto wa umri huo mwambie siku mbili tatu kabla. Mkubwa wa miaka sita au saba mwambie wiki moja mapema na umwache aulize. Usiahidi kwamba haitauma. Usiseme "hutalia". Mwambie anaruhusiwa kulia, ila mkono asiutikise.

Na mwenzake aliyebaki nyumbani asisahauliwe. Kaka yake alikuwa na miaka saba, na tuligundua baadaye kwamba aliamini ugonjwa ulitokana na siku aliyomwangusha mdogo wake kitandani. Alibeba hilo miezi miwili peke yake. Kaeni naye, mwambieni amezaliwa nalo, hakuna aliyelisababisha.

Hatua ya 6: Usiku wa kutokula, na mlango

Kanuni iliyozoeleka ni hii: chakula, uji na maziwa ya ng'ombe au ya kopo, mwisho ni saa 6 kabla ya kupewa dawa ya usingizi; maziwa ya mama, saa 4 kabla; maji matupu, saa 2 kabla. Hospitali yako itakupa saa zake, ziandike ukutani. Uji si maji, hata uwe mwepesi kiasi gani. Tumbo likiwa na kitu, kinaweza kupanda na kuingia mapafuni mtoto akiwa amelala. Kuna mama jirani yetu alimwonea mtoto huruma saa kumi alfajiri, akampa nusu kikombe. Alisema ukweli asubuhi, upasuaji ukasogezwa, na alifanya vema sana kusema.

Mwamshe saa inayoruhusiwa mwisho umpe maji. Wengi wetu tunamwacha alale, kisha anaamka na kiu tayari muda umepita.

Fomu ya ridhaa isomwe yote na muulize. Mama anaweza kusaini, haihitajiki kumsubiri baba atoke machimboni. Kisha atapelekwa. Mlangoni utaambiwa ubusu na ubaki. Nilikuwa nimembeba, amejilaza begani, na malapa yake ya kijani nimeyashika mkononi. Muuguzi alinyoosha mikono, mtoto akaenda kwake bila kulia, akasema, "Mama atakuja." Nilibaki na malapa. Mpe mtu akusindikize mahali hapo, usiende peke yako.

Hatua ya 7: Saa za kusubiri

Tuliambiwa saa nne mpaka sita, ikawa saba. Muda mwingi hautumiki kwenye tundu lenyewe: kuna kulaza, kuweka mirija, kumuunganisha na mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu wakati moyo umesimamishwa, kushona kiraka, kuuamsha moyo, kusubiri damu itulie, na kufunga mfupa wa kifua kwa waya ambazo zitabaki humo maisha yake yote. Kuchelewa peke yake si habari mbaya.

Kuleni. Nasema kwa uzito. Baba yake hakula tangu jana yake, na daktari alipotoka kutupa habari miguu ilimwishia, ikabidi ahudumiwe yeye. Simu za ukoo apokee mtu mmoja, nyinyi zimeni zenu. Kwetu baba mkubwa aliandika ujumbe mmoja kila saa mbili, hata kama ulisema "bado".

Hatua ya 8: Chumba cha uangalizi maalumu

Omba uelezwe utakachokiona kabla hujaingia. Mtoto atakuwa amevimba uso. Kutakuwa na mrija mdomoni wa mashine ya kupumulia, mirija miwili kifuani inayotoa damu na majimaji, mwingine wa mkojo, nyaya nyembamba zinazotokea tumboni juu za kuusaidia moyo ukihitaji kuamshwa, na mikono inaweza kufungwa kwa kitambaa laini asijing'oe. Mashine zitalia. Nyingi hulia kwa sababu mtoto amejigeuza au waya umelegea. Mtazame muuguzi: yeye akiwa mtulivu, nawe tulia.

Nawa mikono mpaka viwiko kila unapoingia. Mguse miguuni, zungumza naye. Mrija ukiwa mdomoni hawezi kutoa sauti, utaona analia bila mlio, na hilo linaumiza kuliko kelele. Ukitolewa, sauti huwa ya kukwaruza siku kadhaa.

Neno lake la kwanza lilikuwa "maji". Na hakuruhusiwa maji. Baada ya upasuaji wa moyo maji hupimwa kwa mililita, moyo usizidiwe. Muuguzi wa zamu, mama mtu mzima, alinipa pamba iliyoloweshwa, akanionyesha jinsi ya kuipitisha kwenye midomo, taratibu, kutoka pembe moja hadi nyingine. Alinyonya ile pamba kwa ulimi, akafumba macho, akaomba tena. Tulifanya hivyo usiku kucha. Usimpe kwa siri hata kijiko. Kama maumivu yanamzidi, sema. Dawa ya maumivu ni haki yake, na mtoto asiye na maumivu makali hukohoa vizuri na mapafu yake hufunguka.

Katika kitanda cha pili kulikuwa na mtoto wa kiume kutoka kusini. Siku ya tatu kitanda kilikuwa kitupu, na mama yake alikuwa amekaa kwenye benchi la nje na mfuko wa nguo. Nilikwenda nikakaa karibu yake. Sikumwambia habari za wangu. Ukikutana na mzazi kama huyo, mpe mkono, mwulize kama amekula, msaidie kupiga simu. Na ninawaambia hili msifikiri kwamba kila safari hii inaishia kama yetu.

Hatua ya 9: Wodini

Huku mambo huenda haraka. Mirija inatolewa, anaanza kukaa, kutembea. Mtoto akohoe akiwa amekumbatia mto au mwanasesere kifuani. Apulize povu la sabuni. Ni mchezo, na ni zoezi la mapafu.

Jifunze kumbeba kabla hamjaruhusiwa. Kwa wiki 6 hadi 8 usimnyanyue kwa makwapa wala kumvuta mikono, kwa sababu mfupa wa kifua bado haujaunga. Mkono mmoja chini ya makalio, mwingine nyuma ya mabega na shingo, kama unayechota. Kumfunga mgongoni kwa kanga pia kusubiri. Wafundishe wote watakaomshika.

Hatua ya 10: Nyumbani

Uliza daktari lini anaweza kusafiri kwa basi. Sisi tulikaa Temeke siku kumi kwanza, karibu na hospitali, na ndivyo ninavyoshauri kwa wanaotoka mbali.

Wazee watataka kumkanda kwa maji ya moto na kupaka kidonda samli, majivu au mafuta ya nazi. Waheshimu, na ukatae. Mimi nilimwambia bibi yake, "Mama, daktari amesema pasiguswe mpaka kliniki," na kazi ya kulinda kidonda nikampa yeye. Alikilinda kuliko mlinzi wa benki. Kidonda kioshwe kama ulivyoelekezwa, kikaushwe kwa kugusa bila kusugua, na kikishapona kifunikwe jua lisikichome.

Rudi hospitali mara moja mtoto akiwa na homa ya nyuzi 38 au zaidi, kidonda kikiwa chekundu, kinatoa usaha au mfupa unacheza, akihema haraka, akikataa kula, akivimba uso au miguu, akilegea, au midomo ikibadilika rangi. Usidanganyike kwamba wiki ya tatu hatari imekwisha. Maji yanaweza kujikusanya kuzunguka moyo hata wiki kadhaa baadaye.

Alianza tena kukojoa kitandani, akawa anaamka usiku akipiga kelele, na nikienda chooni analia mlangoni. Ilichukua kama miezi miwili kupungua. Usimchape wala kumcheka.

Ulizia chanjo pia. Mtoto aliyeongezewa damu anaweza kuambiwa asubiri miezi kadhaa kabla ya chanjo ya surua na rubela, kwa hiyo kama ile ya miezi 18 ilimpita kwa sababu ya ugonjwa, kama ilivyokuwa kwetu, mwulize daktari tarehe na uiandike kwenye kadi. Na kila akienda kwa daktari wa meno, mwambieni habari ya kiraka cha moyo kabla hajafungua kinywa.

Mwisho ni karatasi. Siku ya kuruhusiwa utapewa muhtasari wa upasuaji. Utahitajika shuleni, kwenye kila kliniki, na siku moja yeye mwenyewe atauhitaji akiwa mjamzito. Toa nakala tatu. Ya kwetu halisi ipo ndani ya ile kauntabuku nyekundu, nyuma ya mchoro wa moyo. Nakala moja anayo baba mkubwa, moja iko kwenye simu zetu, na moja bibi yake ameikunja vizuri na kuiweka chini ya kanga zake sandukuni, pamoja na yale malapa ya kijani, ambayo sasa hayamtoshi.